Mama wa Gurudumu

Simu yangu inasema ni saa nane na dakika kumi na saba mchana. Inasema hivyo tangu maji yalipoanza kuingia kwenye picha. Nimeizima nikaiwasha, nimeigonga gonga kwenye goti, bado kumi na saba. Chaji nayo, badala ya kushuka, inapanda. Ilikuwa arobaini, sasa hivi sitini na mbili, na humu ndani hamna hata pa kuchomeka waya. Basi nimeacha kuuliza. Mkono wa kulia naandika kwa dole gumba, wa kushoto nimeshika kipaza sauti, mdomo unatafsiri, na mlangoni kuna mtu anagonga. Anayegonga ni Bwana Mpimaji. Anataka niseme neno moja tu na mimi silisemi. Mengine yote ninayowaandikia hapa ni namna tulivyofika kwenye hilo neno.

Tumekaa kwenye banda la picha za sinema la Mjomba Kitwana. Si mjomba wangu wa damu, ni mjomba wa kila aliyewahi kuingia humu na viatu vyenye matope akafukuzwa. Madirisha yamepigiliwa mablanketi, mlango una komeo la mti kwa ndani, spika moja iko ndani na nyingine nje, ile ya kuita watu. Sheria ni mbili. Ya kwanza, picha likianza mlango haufunguliwi mpaka mwisho, kwa sababu jua la nje likiingia picha linafutika lote, mnabaki mnakodolea shuka tupu la kuonyeshea. Ya pili, mwisho si mkanda ukiisha. Mwisho ni mtafsiri akisema "mwisho". Zamani mikanda ilikuwa inakatika katikati, watu wanasimama, wanajikung'uta, wanaondoka, kumbe nusu nzima bado. Ndiyo ikawekwa sheria kwamba hainuki mtu mpaka neno litoke kwa mtafsiri, na Mjomba Kitwana hazimi taa ya mashine mpaka alisikie kwa masikio yake. Mtafsiri ni mimi, Siwatu. Na lugha ya hili picha siijui hata neno moja.

Hiyo siyo siri. Lugha hiyo haijui mtu yeyote mjini. Nilijifundisha mwenyewe: unaangalia mdomo, unaangalia mabega, halafu unaangalia mtu akishamaliza kusema wenzake wanafanya nini. Wakikimbia, alisema kimbieni. Wakicheka, ni juu yako kutafuta la kuchekesha. Akisema kwa muda mrefu na wenzake wamesimama tu, huyo ni kiongozi, mpe maneno marefu. Nimetafsiri hivi miaka tisa na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu maneno. Walilalamika kuhusu kitu kimoja tu, mara moja tu, na ndicho kilichonileta hapa.

Picha lenyewe ni la zamani, la zile enzi rangi zilikuwa bado hazijazoea kukaa mahali pake, yaani wekundu wa mdomo wa malkia unafika kabla ya malkia. Ni habari za mji ulioko chini ya bahari. Mwanamume anashuka na kofia ya shaba kubwa kama sufuria la pilau la shughuli, kioo mbele, bomba nyuma. Anakutana na pweza. Pweza ni wa mpira na kamba inayomvuta inaonekana, mkono wake wa tatu unachelewa kila mara kama umesahau ni zamu yake. Hekalu la mji ni maboksi. Mgeni akiegemea nguzo, nguzo inarudi nyuma kidogo, kwa heshima. Dirishani wanapita samaki saba, wakifika mwisho wanarudishwa kupita tena, wale wale saba, na mmoja amevunjika mkia. Raia wa mji wamevaa makombe ya plastiki, kama yale ya konokono wa baharini, kichwani. Na huu mji, jamani, umekaa huko chini miaka elfu kumi haujaona mgeni, mgeni anafika, wote wanaijua lugha yake! Hakuna hata mmoja anayemwambia, bwana, anza na salamu yetu. Anafika saa hiyo hiyo, saa hiyo hiyo ndiye anayewaeleza mji wao una shida gani.

Halafu mlima unapasuka. Maji yanaingia. Mgeni anapanda kwenye chombo chake cha chuma na binti wa malkia, lango la mji linainuliwa, anapita, anatokea juu kwenye jua, anamkumbatia binti, muziki unapigwa wa harusi. Nyuma yake mji mzima umekufa na hageuki hata kuangalia.

Mimi hapo ndipo ninapokwama. Nimekwama miaka tisa. Watu wanaona steringi, yaani shujaa wa picha, kapona, wanapiga makofi, wanaenda kula. Mimi nabaki na kipaza sauti mkononi nawaza wale wa makombe ya plastiki. Kwani wao walizaliwa wazame? Yaani kuna mtu alikaa mahali akaamua kwamba huu mji kazi yake ni kuzama vizuri, ili mtu mmoja apate cha kukumbuka akiwa kwao? Na Mjomba Kitwana akirudisha mkanda nyuma, nimewaona, wanafufuka. Maji yanatoka puani, nguzo zinasimama, mtoto anarudi mgongoni kwa mama yake, wote wanarudi kinyumenyume mpaka asubuhi ya mji wao, na hakuna anayewaambia kwamba wiki ijayo tena. Wanaamka, wanasalimiana, wanazama. Wanaamka. Wanazama. Nikilala naota niko katikati yao, nimevaa kombe, na swali langu ninalo mdomoni lakini sina sauti, kwa sababu mtafsiri yuko nje ya maji na hajanipa maneno. Naangalia juu, namuona ni mimi.

Sasa kosa.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mtafsiri wa zamani alipoteza sauti siku ya picha, Mjomba Kitwana akaangalia huku na huku, akanipa kipaza sauti kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naongea sana. Kwenye banda letu kila mtu anajua: sura ya kwanza kutokea peke yake kwenye shuka ndiyo steringi. Na steringi hafi. Basi taa ikawaka, mkanda ukaanza, na kabla ya mgeni, kabla ya kofia ya shaba, akatokea mwanamke mmoja. Amesimama peke yake, mikono miwili juu ya gurudumu kubwa la chuma linaloinua lango la mji. Mtu mzima, si mrembo wa kwenye picha. Akaangalia mbele, basi. Nikatangaza kwa sauti yangu yote kwamba steringi ni huyu mama, na banda likapiga makofi.

Saa nzima ikapita yule mama hajaonekana tena. Mgeni anapigana na pweza, mgeni anapewa taji, mimi nawaambia watu huyu ni mgeni wa steringi, steringi anakuja, vumilieni. Akaja kweli, mwisho kabisa, maji yakiwa yameshafika kiunoni. Anazungusha gurudumu ili lango liinuke, mgeni apite. Mgeni akapita. Yeye akabaki na gurudumu lake, mdomo wake ukasema kitu kimoja kifupi, maji yakamfunika.

Halafu Ngwali kinyozi, aliyekaa karibu na mlango kama anavyokaa mpaka leo, akauliza taratibu kabisa: "Siwatu, steringi wako yuko wapi?"

Walicheka mpaka bati likatikisika. Walinicheka mwaka, walinicheka miwili. Ngwali akimnyoa mtu anayejitikisa humwambia atulie asije akafa kama steringi wa Siwatu. Mama yangu, ambaye ndiye aliyeshona hilo shuka la picha kwa mashuka mawili, moja juu na moja chini, mshono umepita katikati, hakukanyaga tena bandani tangu siku ile. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kazi anayo nyingi.

Na mimi nikajirekebisha. Wiki iliyofuata nikasema steringi ni yule wa kofia ya shaba, kama walivyotaka, na yule mama nikamwita mtumishi wa lango. Miaka tisa nimesema hivyo. Kosa langu la siku ya kwanza wanalikumbuka wote. Hili la pili, la kujirekebisha, hakuna aliyelicheka.

Kitu kimoja tu nilimwachia yule mama: mdomo wake. Pale anaposema lile neno fupi mkanda umekwaruzika, sauti haipo, kwa hiyo kila wiki nilimpa neno jipya. Wiki moja alisema "nendeni salama". Wiki nyingine alisema "baridi". Mara moja nilikuwa nimechoka nikamsemesha kwamba amesahau kuzima jiko, watu wakacheka wakaninunulia soda. Lakini nikifika nyumbani nilikuwa nasimama mbele ya kioo nachezesha mdomo kama wake. Mfupi, unafunguka, unafunga, unafunguka. Sikuwahi kulipata.

Huo ndio mji aliokuja Bwana Mpimaji. Nasema mji wetu, lakini kwenye ramani yake hatupo. Nimeiona kwa macho haya, aliitandaza kwenye meza ya mama ya kukatia nguo: mto upo, milima ipo, na pale tunapokaa sisi, soko, banda, makaburi, nyumba yetu, pamepakwa bluu yote na kuandikwa Ziwa. Ukuta wenyewe wa kuzuia mto umeshajengwa huko chini ambako bonde linabana. Yamebaki malango yake kufungwa, mto ujae, upande mpaka kwetu. Mtu mpole, anavua kofia akiingia. Alikuwa na utepe wa kupimia kiunoni, na mama yangu ana wake shingoni, wakasimama wanaangaliana.

Mama akamwambia, "Mimi nikimpima mtu namshonea nguo. Wewe umetupima wiki tatu, unatushonea nini?"

Bwana Mpimaji akacheka vizuri tu, akasema litakuwa ziwa zuri sana. Akaeleza kwamba miji kuzama ni jambo la kawaida, ni la zamani, kuna mpaka picha zake. Na ndipo ikajulikana alichofuata. Alisikia banda lina picha la mji wa chini ya maji na mjini kuna msichana anayelitafsiri. Alitaka watu wote waitwe waangalie, saa saba mchana, na wakitoka kila mmoja aweke dole gumba kwenye karatasi yake. Karatasi imeandikwa: nimeona, nimeelewa, nimekubali. Bila madole hayo, na hili alilisema kwa bahati mbaya akiwa anakunja ramani, ukuta haufungwi.

Mimi alinipa vitu viwili. Kimoja ni karatasi ya maneno. Yaani kanitafsiria tayari, nisihangaike kuangalia midomo. Mstari wa mwisho kaandika: "Wakafa wote kwa utulivu, kwa sababu walikuwa wameshakubali. Mwisho." Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, pale yule mama anapofungua mdomo, kaandika neno lake: "Tumekubali." Cha pili ni simu. Mpya, ya macho matatu nyuma, inapiga picha mpaka vumbi linahesabika. Sitawadanganya. Niliipokea. Ndiyo hii ninayoandikia. Nililala nayo kifuani, na asubuhi nilijiambia kwamba maneno ni maneno tu, miaka yote nasema ya kubuni, leo nikisema ya kubuniwa na mwingine kuna tofauti gani.

Leo mama akaja bandani. Miaka tisa, leo ndiyo kaja. Kaja na cherehani yake ya mkono kichwani, kaiweka chini mbele kabisa, chini ya shuka, akakaa kwenye kigoda nyuma yake. Mjomba Kitwana akamuuliza mama Siwatu, ndiyo nini kuja na cherehani kwenye picha. Akamjibu kwamba nyumba yake imeandikwa ziwa, yeye haachi cherehani ziwani. Watu wakacheka kidogo. Banda lilijaa mpaka ukutani. Bwana Mpimaji hakuingia. Alisema picha analijua mwisho wake, akakaa nje kwenye kiti, chini ya mwavuli, na karatasi zake na kidau cha wino, akisikiliza kwenye spika ya nje. Komeo likapigwa.

Nilisoma karatasi yake vizuri. Kweli nilisoma. Kofia ya shaba, pweza, taji, samaki saba wakapita na kurudi. Hakuna anayetania, hata pweza alipochelewesha mkono wake wa tatu hakuna aliyepiga mluzi. Kila mmoja anaangalia nyumba zile za maboksi anaona ya kwake. Nilimsikia Ngwali akipumua. Mlima ukapasuka. Maji yakaingia. Simu ikasema saa nane na dakika kumi na saba.

Na yule mama akatokea na gurudumu lake.

Nimemuona mara ngapi mimi? Mara mia nne? Leo ndiyo niliona mkono. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimepinda kwa ndani. Mama yangu ana kidole kama hicho, sindano ya cherehani ilipita katikati akaendelea kushona mpaka mwisho wa mstari, kwa sababu nguo ilikuwa ya bibi harusi na watu walikuwa wanasubiri. Nikamwangalia mama. Alikuwa ameshika mpini wa gurudumu la cherehani, bila kitambaa, bila uzi, anaangalia juu. Nikaangalia shuka. Amesimama pale pale penye mshono. Sikujua tena nani yuko juu na nani yuko chini, nani ameshonwa na nani kashona. Mkanda ukawa unaenda taratibu, taratibu, sauti ya mashine ikashuka kama mtu anayesinzia, na yule mama, ambaye siku zote macho yake humfuata mgeni, akageuza macho akaniangalia mimi.

Akaniuliza kama mimi ndiye ninayemsemea.

Nikamwamkia kwanza, shikamoo. Akaitikia. Akasema nimemsemesha mambo mengi, lile la jiko lilimchekesha. Hakuwa na hasira. Maji yalikuwa yanamzunguka kiunoni na yeye anaongea kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Nikamwambia nina swali, nimekaa nalo miaka tisa. Kwenye karatasi wameandika umesema "tumekubali". Ni kweli?

"Niliuliza," akasema. "Nilimuuliza yule wa sufuria kichwani, mbona gurudumu liko upande wetu?"

"Akajibu nini?"

"Akasema zungusha."

"Na wewe?"

"Nikazungusha. Mara zote nimezungusha. Nilidhani ndiyo kazi." Akaangalia mikono yake. "Wewe ulikuwa wa kwanza kuniita steringi, mwanangu. Halafu ukaniacha."

Nataka mnielewe hapa, wenye simu zenu huko mliko, maana mimi mwenyewe bado nalizungusha kichwani. Lango la ule mji mpini wake uko kwa wenyeji tu, mgeni hana. Yule bwana na shaba yake, na chombo chake, na binti wa malkia, na muziki wake wa harusi, hatoki mpaka mtu wa ule mji asimame majini amfungulie. Miaka tisa mimi nauliza nani aliamua wazame, nani, nani, naangalia juu kama kuna mtu kakaa kwenye kiti. Kumbe swali lilikuwa mdomoni kwa mtu aliyeshika gurudumu. Mwenye nguvu ni nani, yule anayesema zungusha au yule anayezungusha? Nikaangalia komeo la banda. Liko ndani. Nikaangalia kipaza sauti, kiko mkononi mwangu. Nikaangalia madole gumba ya watu, mia mbili na ushee, yamelala mapajani gizani, kila moja limeota kwenye mkono wa mwenyewe. Hakuna hata moja lililoko nje chini ya mwavuli.

Karatasi ya Bwana Mpimaji nikaiweka chini nikaikalia.

Nikasema kwenye kipaza sauti: "Jamani, nilikosea. Siyo ile siku ya kwanza. Nilikosea nilipojirekebisha. Steringi ni huyu mama."

Hakuna aliyecheka. Nikaanza kutafsiri. Nikasema, steringi anamwambia mgeni, bwana, umekuja kwetu hujasalimia, umekula, umevaa taji, sasa unataka nikufungulie nizame. Nikasema, steringi anaweka miguu vizuri. Nikasema, steringi anarudisha gurudumu. Nilivyosema hivyo nikasikia chini ya shuka kitu kinalia kri, kri, kri. Mama yangu alikuwa anazungusha gurudumu la cherehani kinyume. Kinyume! Yeye ambaye alinipiga nikiwa mdogo kwa kulizungusha kinyume, kwamba uzi utakatika. Na juu ya shuka, juu ya mshono, mikono yenye kidole kilichopinda ikaanza kurudi, na lango la mji, ambalo mara mia nne nimeliona linapanda, likashuka. Mgeni akabaki ndani ya chombo chake, lango limemfungia njia, kofia imegota kwenye kioo. Akaanza kugonga.

Na mlango wa banda ukagongwa.

Bwana Mpimaji alikuwa amesikia yote kwenye spika. Aligonga kwa adabu kwanza. Akasema binti, soma kilichoandikwa. Nikaendelea. Akagonga kwa kiganja, akasema ataileta mashine yake mwenyewe na mtafsiri wake mwenyewe. Nikaendelea. Akanikumbusha simu, kwamba ni yake. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba ni yake kweli, na inaandika vizuri sana. Hapo ndipo alipokasirika akapaza sauti, yeye mwenyewe, kwa herufi zote: "Mwisho!"

Nikasikia mabenchi yakilia. Watu wamezoea lile neno, miguu ilitaka kuinuka yenyewe. Mjomba Kitwana, nyuma kwenye mashine, mkono ulikwenda kwenye swichi. Ukasimama. Akaniangalia.

Sikusema kitu. Ni kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufanya, kutokusema, mimi niliyepewa kipaza sauti kwa sababu ya kuongea sana.

Ngwali kinyozi akasimama. Yeye ndiye aliye karibu na mlango, mkono wake na komeo ni hatua moja. Akilivuta, jua linaingia, picha linafutika, sisi tunabaki watu waliokaa mbele ya mashuka mawili yaliyoshonwa, na nje kuna wino. Nilimuona anaangalia komeo. Niliona anafikiri. Ana watoto wanne, na Bwana Mpimaji alimwahidi duka la kunyolea huko juu mlimani, lenye viti vinavyozunguka. Banda zima lilijua.

Akageuka huku kwangu. Akauliza taratibu, kama alivyouliza nilipokuwa na miaka kumi na tatu.

"Siwatu. Steringi wako yuko wapi?"

"Huyo hapo. Kwenye mshono."

"Kafa?"

Nikaangalia. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kifuani kwake, yakafika kwenye mshono wa shuka, na hapo yakasimama. Yanachezacheza, yanatafuta pa kupita, hayapiti. Mama yangu bila kugeuka akasema, kwa sauti yake ya dukani, kwamba ule mshono aliupiga mara mbili.

"Hajafa," nikasema.

Ngwali akakaa chini. Hakukaa kwenye benchi. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, miguu kainyoosha mbele, akatoa kitana mfukoni akaanza kujichana kama mtu mwenye siku nzima.

"Basi steringi hajafa," akasema, "tunaenda wapi?"

Sasa hivi ndiyo tuko hapo. Chaji tisini na nne. Mkanda ulishaisha, nimeona mkia wake unapiga piga kwenye mashine, pa, pa, pa, lakini taa inawaka na yule mama yupo. Anazungusha. Mama yangu anazungusha. Akichoka huyu anaendelea yule, sijui tena nani anampumzisha nani. Wa makombe ya plastiki wamesogea wamekaa kwenye ngazi za hekalu lao la maboksi, wanatuangalia sisi kama sisi ndio picha, na mtoto mmoja kanyoosha kidole anatuhesabu. Samaki wamepita. Nimewahesabu, walikuwa nane.

Huko nje amegonga tena. Amegonga mara tatu, taratibu, adabu imemrudia. Anauliza kupitia ufa wa mlango, tutakaa humo mpaka lini? Mjomba Kitwana ananiangalia, kidole kwenye swichi. Mia mbili na ushee wananiangalia. Chaji mia. Saa nane na dakika kumi na saba. Nasogeza kipaza sauti mdomoni, na spika ya nje iko wazi, mpaka kule kwenye ukuta wa mto watanisikia.

"Picha bado, bwana. Subiri nje."